Basi la utalii linasimama Innsbruck masaa mawili na nusu tu, nimpeleke mama wapi?

BintiKibosho:
Habari zenu wakuu. Mama amekuja kunitembelea huku Ujerumani, ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nje ya Tanzania. Mwishoni mwa Machi tunapanda basi la utalii kutoka Munich kwenda Venice, na njiani linasimama Innsbruck, Austria, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa saba na nusu mchana. Ratiba imeandika "muda huru" basi, hakuna wa kutuongoza.

Mama ana miaka 67. Anatembea vizuri ila goti linamsumbua kwenye ngazi, na anatumia dawa za presha. Nikitafuta naona paa la dhahabu, kanisa lenye sanamu nyeusi, na gari la nyaya linalopanda mlimani. Vyote kwa pamoja haviwezekani. Ninyi mngechagua kipi? Nawasilisha.

MzeeWaKorogwe:
Mlima wa nini tena? Bi mkubwa katoka Kibosho, akifungua mlango asubuhi Kibo hiyo hapo. Huko Innsbruck kituo cha mwisho, Hafelekar, kipo kama mita 2,250. Kituo cha Mandara njia ya Marangu kipo mita 2,700, na hapo mtu hajaanza hata kuupanda Kilimanjaro. Mtembeze mjini taratibu, akae mahali anywe chai.

SukaniMbili:
Mdogo wangu, mimi nimeendesha mabasi haya huku Ulaya, nikupe upande wa dereva. Sheria inasema ukiendesha masaa manne na nusu lazima upumzike dakika 45. Munich hadi Innsbruck ni kama kilomita 160, ila Innsbruck hadi Venice ni karibu 400, tena unaanza na kupanda Brenner, njia ya kuvuka milima kuingia Italia. Kwa hiyo hapo si nyie tu mnaopumzika, na dereva naye anahesabu masaa yake. Saa saba na nusu ikifika anaondoka, na mtu akichelewa atajitafutia treni.

Mkishuka muulize mtachukuliwa wapi, maana mara nyingi siyo pale mliposhushwa. Piga picha namba ya basi na kibao cha mtaa. Pasipoti ya mama ikae kwenye mkoba wake, isiende kwenye buti pamoja na masanduku. Viza ya Schengen inatosha nchi zote tatu, lakini polisi huingia kwenye basi na kukagua, hasa mkirudi upande wa Ujerumani.

NipoTyrol:
Nasoma hapa hapa Innsbruck. Mzee wa Korogwe hajakosea kuhusu mita, ila anapima kitu kisicho chenyewe. Utamu wa hapa ni kwamba unatoka katikati ya mji, mita 570 na kitu, na nusu saa baadaye uko kwenye theluji bila kupanda ngazi za maana.

Kituo kinaitwa Congress, kipo jirani na kasri la Hofburg. Kuna treni ndogo ya mlimani, Hungerburgbahn, vituo vyake vilichorwa na msanifu majengo Zaha Hadid na vilifunguliwa 2007, mapaa yake kama barafu iliyoanza kuyeyuka. Vyumba vyake hujisawazisha treni ikiinama, kwa hiyo mama atakaa wima muda wote. Dakika nane mko Hungerburg. Mnavuka uwanja, mnaingia gari la nyaya hadi Seegrube, mita 1,905. Ishieni hapo. Hafelekar ni gari lingine tena, na muda wenu hautoshi.

Kabla ya kulipa, angalieni skrini pale chini, kamera zinaonyesha hali ya juu. Kukiwa na ukungu mtanunua ukungu. Pia kuna upepo wa joto wa kusini, Föhn, ukivuma sana magari husimamishwa. Na masika huwa kuna siku wanafunga kwa ukaguzi, angalieni tovuti yao siku moja kabla.

MzeeWaKorogwe:
Na bei je? Usimfiche.

NipoTyrol:
Kwenda na kurudi hadi Seegrube si pesa ndogo, mweke kwenye hesabu yuro arobaini na zaidi kwa kila mmoja, wahakikishe wenyewe. Mkiona kubwa, Hungerburg peke yake ni rahisi mno na mji wote unauona kutoka pale.

Mama_Abdul:
Mimi nasema kanisa. Hofkirche sakafu yake ni tambarare, goti halitasumbuka. Kuna sanamu 28 za shaba, ndefu kuliko mtu, zimezunguka kaburi la mfalme Maximilian wa Kwanza kama waombolezaji. Basi kaburi lenyewe tupu! Alifariki 1519 akazikwa Wiener Neustadt, mbali kabisa. Mimi Muislamu na nilikaa mle kuliko nilivyokaa popote mji ule. Paa la dhahabu msilipangie muda, ni kibaraza kidogo chenye vigae vya shaba 2,657 vilivyopakwa dhahabu. Mnapiga picha, mnapita.

Chakula: msikae mgahawa wa kuhudumiwa, bili peke yake utaiomba mpaka uchoke. Mkipenda kuonja, kuna Gröstl, ni viazi na nyama vilivyokaangwa na yai juu, yaani chipsi mayai ya Tyrol, jimbo lenye Innsbruck. Mara nyingi nyama ni ya nguruwe, anayejali aulize kwanza. Na sarafu za choo mfukoni.

BintiKibosho:
Asanteni sana. Nimemsomea mama majibu yote jioni hii. Nilipofika kwa Mzee wa Korogwe akacheka, akasema: "Mwambie huyo baba, theluji ya Kibo nimeiangalia tangu nazaliwa, sijawahi kuishika." Sasa hapo mimi nabishana nini? Daktari wake nimemuuliza kuhusu presha, amesema kwa urefu huo na muda mfupi hana pingamizi.

MzeeWaKorogwe:
Nimenyoosha mikono. Shikamoo yake mpelekee.

kobe_mwendo:
Magari haya ya nyaya si ndiyo yale yaliyozua kelele walipotaka kuyaweka Kilimanjaro, wapagazi wakapinga? Mama akaangalie vizuri akirudi atoe maoni 😂

BintiKibosho:
MREJESHO. Basi lilichelewa, foleni kabla ya mpaka, tukashuka saa tano na robo. Tulikwenda Congress moja kwa moja. Skrini ilionyesha Seegrube jua kali, tukalipa. Kupanda na kusubiri kote kulikula kama dakika 40. Juu mama alivua glavu, akachota theluji, akaifinya, akainusa, kisha akaniuliza mbona ngumu hivi, alidhani ni laini kama pamba. Ilikuwa imeyeyuka na kuganda tena. Walioteleza kwa mbao walikuwa wanatupita karibu kweli, akawa ananivuta mkono kila wakija. Presha hakuna shida, ila mwangaza ule unaumiza macho, anayekwenda abebe miwani ya jua.

Kushuka tulibaki na nusu saa na kidogo. Hofkirche tuliiacha, samahani Mama Abdul. Paa la dhahabu tuliliona, mama akasema "ndo hili?" Tukanunua mikate, tukawahi basi, kituo cha kuchukuliwa kilikuwa mtaa mwingine kabisa kama Sukani alivyosema.

Mama_Abdul:
"Ndo hili" 😂😂 Mkirudi kutoka Venice basi halipiti hapo tena?

BintiKibosho:
Linapita ila usiku, halisimami.

NipoTyrol:
Kutoka Munich kuna treni ya moja kwa moja, haifiki masaa mawili. Mlete Jumamosi, Jumapili maduka mengi yamefungwa. Kanisani nitawapeleka mwenyewe.