UZI WA MALALAMIKO: Jigglypuff wake amelala mbele ya Fox wangu, na yeye ameweka pedi chini akafungua soda

Wanajukwaa, nawasalimu. Naandika nikiwa ndani ya gari, nje ya nyumba ile ile mnayoijua, injini inaunguruma kwa sababu ya baridi na vidole vyangu vinatetemeka, wala si baridi inayovitetemesha. Simtaji mtu jina. Kila anayehudhuria michezo yetu ya Jumamosi ya Melee, ile gemu ya video ya mapigano, hapa Columbus anamfahamu, na kila mmoja wetu amekwisha kuonja shubiri yake. Ni yule yule anayecheza Jigglypuff, yule mhusika wa waridi anayeelea.

Nataka mniambie kama tangu Super Smash Bros. Melee itoke mwaka 2001 mmewahi kuona dharau ya namna hii. Tulikuwa sare, mchezo mmoja kwa mmoja, tunacheza wa tatu na wa mwisho, na kila mtu amebakiwa na roho moja kati ya zile nne. Uwanja ni Dream Land. Jigglypuff wake alikuwa ndiyo kwanza amefufuka, ana asilimia tisa tu za maumivu (kadiri zinavyopanda ndivyo pigo linavyokurusha mbali zaidi), na Fox wangu, mbweha ninayemcheza, alikuwa amepita sabini. Akaja akielea kama kawaida yake, akitanguliza lile teke la nyuma lisilokwisha, nikarudi nyuma hatua moja, naye akabonyeza Usingizi, lile pigo lake la kulala. Akakosa. Akakosa kabisa, ndugu zangu, akalala katika hewa tupu mbele ya pua ya Fox.

Mnajua wenyewe maana yake. Pigo lile linauma katika fremu ya kwanza kabisa, hakuna binadamu anayeweza kuliona na kulikwepa, lakini likikosa, kile kidude cha waridi kinabaki kimelala mpaka fremu 249 zitimie, na gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo ni zaidi ya sekunde nne bila ngao, bila kuruka, bila lolote. Sekunde nne katika Melee ni kama likizo ya Desemba. Mtu aliyekosa Usingizi kwenye roho ya mwisho anapaswa kukaa pale ameshika pedi kwa mikono miwili, moyo unamwenda mbio, akisubiri hukumu.

Yeye aliiweka pedi juu ya paja. Akainama taratibu, akachukua kopo la soda lililokuwa karibu na mguu wa meza, akaingiza ukucha chini ya kile kipete cha kufungulia, akakivuta. Tsss. Ile sauti niliisikia kuliko sauti ya televisheni. Akanywa funda moja refu, akalimeza, na muda wote huo hakuwa akitazama skrini, alikuwa akinitazama mimi.

Nilimpiga. Nilivuta lile teke la juu la Fox mpaka likajaa, nikamrusha, akapaa hadi akaonekana kama punje ya choroko, lakini ana asilimia tisa na Dream Land ina dari ya mbali, na anayerushwa juu hafi mpaka aivuke, hivyo hakufa. Akaokota pedi kwa mkono uliolowa soda, akashuka polepole kama mwavuli, na kabla dakika haijakatika akanikuta nikitoka jukwaa la juu, akanidokoa kwa mkono wake mfupi, akalala tena, safari hii juu yangu. Fox akaruka hadi akawa nyota. Ukumbi wote ukacheka.

Kufungwa nimezoea. Ninachosema ni kopo. Mtu amelala mbele yako, roho yake iko mkononi mwako, naye anafungua kopo! Naomba mwenye nyumba aweke sheria kwamba mchezaji asiiachie pedi mechi ikiwa inaendelea, na naomba yule bwana aniombe radhi mbele ya watu wale wale waliocheka.

Mbuyu Mkavu ameandika:

Pole sana, mkuu. Afadhali wewe umefanyiwa soda. Mimi mwezi uliopita alikosa Usingizi mbele ya Marth wangu, simu yake ikaita, akapokea, akamwamkia shangazi yake shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamwambia kwamba atampigia baadaye, kisha akashika pedi na kunitoa ukingoni. Huyu mtu anatudhalilisha sote, na ninaiunga mkono sheria hiyo kwa mikono miwili.

Fundi wa Leza ameandika:

Mleta uzi, nina swali moja tu ambalo umelirukia kama vile halipo. Kwa nini mlikuwa Dream Land? Wewe ndiye uliyeshinda mchezo wa pili, kwa hiyo ulikuwa na haki ya kukataa uwanja mmoja kabla yeye hajachagua. Kila anayecheza Fox anajua kwamba Jigglypuff ni mmoja wa wahusika wepesi kabisa katika gemu hii na kwamba Fox anamuua kwa kumpeleka juu, kwa hiyo uwanja wa kwanza kuutupa ni ule wenye dari ndefu. Ulikataa uwanja gani?

Mleta uzi ameandika:

Nilikataa Final Destination, kwa sababu hauna majukwaa na mimi napenda kuwa na mahali pa kukimbilia. Hilo halihusiani hata kidogo na kopo. Dari iwe ndefu au fupi, mtu hana ruhusa ya kufungua kinywaji wakati namshughulikia. Alinitazama machoni, Fundi. Kipete kikalia, na alinitazama machoni.

Fundi wa Leza ameandika:

Sawa, nimekuelewa, lakini hasira yako inakuficha kosa lenyewe. Ulikuwa na sekunde nne na mtu mwenye asilimia tisa. Leza ya Fox haimwamshi aliyelala wala haimsogezi, inamwongezea asilimia tu, na kila ukiwa karibu inaongeza zaidi. Kwa hiyo unasimama karibu, unampiga leza kadhaa, na ndipo unavuta teke la juu, ambalo linahitaji sekunde moja tu kujaa. Baada ya kumrusha hukai chini kumsubiri ashuke. Unamfuata hewani na teke jingine la juu kabla hajapata akili, maana ana kuruka mara tano hewani, na ukimwachia hata mara moja amekwisha kukuponyoka. Wewe ulivuta teke ukalishikilia kwa sababu macho yako yalikuwa kwenye kopo, na yeye alilifungua akijua kwamba utalitazama.

Mleta uzi ameandika:

Kwa hiyo na wewe unakiri kwamba lile kopo lilikuwa silaha. Asante, hilo ndilo ninalolilalamikia tangu mwanzo.

Mtetezi wa Waridi ameandika:

Mimi nacheza Jigglypuff na nimechoka kusikia wenye Fox wakilia. Mna mhusika ambaye kiakisi chake cha buluu kinapiga katika fremu ya kwanza kama Usingizi wetu, na akikosa halali sekunde nne. Anakimbia kama upepo, ana leza ya kutulazimisha tumfuate, na teke moja tu la juu linatuondoa duniani tukiwa bado vijana. Ngao yetu ikivunjika tunarushwa angani tunakufa papo hapo, jambo ambalo halimpati mhusika mwingine yeyote. Tulichopewa sisi ni kuelea, na ni kweli kwamba hewani hakuna anayetuzidi mwendo wa pembeni, ila chini tunatembea kama tuna mawe viatuni. Hungrybox, mchezaji wa Jigglypuff kama sisi, alipotwaa ubingwa wa Evo, yale mashindano makubwa ya gemu za mapigano, mwaka 2016, fainali aliicheza dhidi ya Fox wa Armada, na ilikwenda hadi roho ya mwisho ya mchezo wa mwisho, ndipo mjue kwamba Fox hajaonewa. Kuhusu soda sina la kusema, kwa sababu aliyekosa Usingizi amekwisha kuadhibiwa kwa kusubiri, na kiu ni haki yake.

Mbuyu Mkavu ameandika:

Kiu gani ya sekunde nne? Angekunywa kabla ya mechi. Na shangazi yangu mimi hapigi simu saa ya fainali.

Dada wa Matanapu ameandika:

Samahanini, kaka zangu, lakini ninyi mnaocheza Fox na Marth mnalalamikia nini hasa? Njooni mkae kwenye kiti changu. Mimi nacheza Peach, yule anayeng'oa matanapu ardhini na kuyarusha. Kurusha matanapu kwa Jigglypuff ni kama kumrushia mawe ndege aliye juu ya mnazi, maana yote anayapita kwa juu, kisha anarudi na lile teke la nyuma, moja, la pili, la tatu, mpaka unajikuta nje ya uwanja na mwavuli wako ukishuka polepole kuelekea kwenye mguu wake. Armada mwenyewe, aliyekuwa Peach bora duniani, alimweka Peach pembeni akamchukua Young Link ili apambane na Jigglypuff. Sasa niambieni, kama Armada alikimbia, mimi ninayefanya kazi ya usiku na kucheza Jumamosi tu nifanye nini? Wiki iliyopita nilikaa na yule yule bwana dakika nane nzima mpaka saa ya mechi ikaisha, na hakuna aliyenifungulia uzi.

Mleta uzi ameandika:

Dada, ninakupa pole ya dhati kwa hizo dakika nane, lakini alifungua chochote mbele yako? Alikunywa? Hapo ndipo penye tofauti.

Ngao Iliyopasuka ameandika:

Kwa kuwa tumeanza kutaja sheria za nyumba ile, basi tutaje zote. Kwa nini mwenye nyumba bado anawaruhusu wachezaji wa Ice Climbers, wale wahusika wawili Popo na Nana wanaopigana pamoja, kumshika mtu wakamalizana naye bila kumwachia? Popo anashika, Nana anapiga kwa mdundo ule ule mmoja, tap, tap, tap, na wewe uliyekamatwa huna kitufe cha kubonyeza kitakachokusaidia, asilimia zinapanda kama mita ya teksi, mpaka huyo aliyekukamata aamue mwenyewe kwamba imetosha. Mashindano mengi makubwa yamekwisha kulipiga marufuku jambo hilo. Kwetu linaendelea kila Jumamosi. Mimi nilishikwa Jumamosi iliyopita toka asilimia tatu hadi mia tatu, nikapata muda wa kusoma maandishi yote ya kwenye boksi la gemu. Soda ni nini mbele ya hayo?

Dada wa Matanapu ameandika:

Hapo umenena. Mimi nilishikwa nikiwa na roho tatu, nikaachiwa sina hamu hata ya hizo mbili zilizobaki.

Fundi wa Leza ameandika:

Dhidi ya Ice Climbers dawa ni kuwatenganisha mapema, umrushe Nana mbali kisha umshughulikie Popo peke yake, kwa kuwa akiwa peke yake hawezi kumshika mtu kwa mtindo huo. Ila ninakubali kwamba nyumba ile inahitaji sheria ya maandishi ibandikwe ukutani.

Mleta uzi ameandika:

Na sheria ya kwanza iwe ya vinywaji. Ninarudia kwa mara nyingine kwa wale waliofika sasa hivi: Jigglypuff amelala, Fox amesimama, na kipete cha kopo kinavutwa. Sekunde nne zote hakushika pedi!

Mtetezi wa Waridi ameandika:

Mkuu, tumesoma. Ungekuwa umempiga leza kama ulivyoelekezwa, angekufa na kopo mkononi, na leo yeye ndiye angekuwa na uzi.

Mbeba Chogo ameandika:

Mimi nina malalamiko mazito kuliko ninyi nyote, kwa sababu yangu ni ya mgongo. Zile televisheni mbili za chogo mnazochezea kila Jumamosi, na ambazo mnazihitaji kwa kuwa zile bapa zinachelewesha kila kitufe mnachobonyeza, ninazibeba mimi. Kutoka kwenye gari langu, ngazi kumi na nne kushuka chini ya nyumba, theluji imeganda kwenye kila ngazi, na kubwa kati yake haishikiki vizuri kwa sababu uzito wote uko mbele kwenye kioo. Leo mlipomaliza kucheka kila mtu akachukua pedi yake akaondoka, huyo wa soda wa kwanza, wewe mleta uzi wa pili, ukakaa ndani ya gari lenye joto unaandika, na mimi nikabaki na zigo. Nimeziona taa za magari yenu zikiwaka na hakuna aliyeteremka.

Dada wa Matanapu ameandika:

Jamani, pole. Mimi niliwahi zamu ya usiku. Kwani zote mbili zimeshapanda?

Mbeba Chogo ameandika:

Moja imepanda. Nyingine, ile kubwa, iko ngazi ya saba, nimeiegemeza ukutani na nimekaa chini yake ili isiporomoke.

Ngao Iliyopasuka ameandika:

Usiiachie, kaka. Ile ndiyo yenye rangi nzuri. Niko umbali wa dakika kumi, ninageuza gari sasa hivi. Nani mwingine yuko karibu?

Fundi wa Leza ameandika:

Mleta uzi yuko nje hapo hapo, amesema injini inawaka. Mleta uzi, shuka.

Mleta uzi ameandika:

Ninashuka. Lakini yule bwana pia bado yuko hapa, ninamwona amesimama mlangoni, na ana kopo jingine mkononi.

Mbeba Chogo ameandika:

Mwambie aliweke chini aje ashike upande wa kioo.