USHAURI: Kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) ya kunipa picha ya kisinema, bajeti milioni 5, nipo Kigoma

mtoto_wa_kibirizi
Wakuu, salaam. Naandaa filamu fupi na makala ya wavuvi wa dagaa, mialo ya Kibirizi na Katonga. Mchana ni uanikaji, usiku ni ziwani na taa. Kukodi kamera kubwa ya sinema kutoka Dar pamoja na fundi wake kunamaliza hela kabla hatujawasha hata taa moja. Nina milioni 5 kwa kila kitu, siyo kamera peke yake. Macho yangu yako kwenye Panasonic S5 iliyotumika, GH5 au Sony FX30. Nichukue ipi, na niiongezee nini bila kuigeuza mzigo? Ninja V (monita ya nje inayorekodi) ni lazima? Na umeme wa usiku kucha ndani ya boti?

fundi_lenzi
Mkuu, kwanza jiulize kamera ya sinema ina nini ambacho hizi ndogo hazina. Kwa picha zimeshakaribiana. Pengo mara nyingi liko kwenye filta za ND za ndani (vioo vyeusi vya kupunguza mwanga), tundu za XLR (za maiki za kitaalamu), betri kubwa, grafu ya mwanga (waveform, inayopima mwangaza wa picha) na kurekodi bila kikomo. Unaziba hayo matano, basi. Wengi wanaanza na keji (fremu ya chuma ya kuvalisha kamera), mikono miwili, vyuma na mapambo ya kila aina, halafu hawana filta hata moja.

Kwa bajeti yako chukua S5 ya 2020. Sensa ni ya fremu kamili, inarekodi 4K ya biti 10, 4:2:2 (rangi nyingi za kuchezea kwenye uhariri), kwenye kadi yake yenyewe, na V-Log (picha iliyofifishwa ili upake rangi baadaye) huilipii. Kwenye V-Log ina ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) mbili za asili, 640 na 4000. Hiyo 4000 ndiyo sababu ya kuinunua kwa kazi ya usiku. Ukiwa gizani usisimame 2500 wala 3200, punje (chengachenga) zinakuwa nyingi kuliko ukiruka moja kwa moja hadi 4000.

Kasoro zake uzijue mapema. Otofokasi yake inatafutatafuta, kwa hiyo zoea kufokasi kwa mkono. 4K ya fremu 50 inakata pembeni ya sensa, lenzi ya 20mm inaona kama 30mm. Biti 10 4:2:2 inajizima ikifika dakika 30. FX30 ni bora kwa fokasi na ina feni, ila ukiinunua hutabakiwa na hela ya sauti wala filta.

GH5_bado_ipo
Napinga kidogo. GH5 ina tundu kubwa la HDMI, grafu ya mwanga iko ndani, na haina kikomo cha muda wa kurekodi. Bei yake iliyotumika iko chini ya S5. Ukipiga mchana zaidi kuliko usiku, hiyo inatosha.

fundi_lenzi
Kwa mchana nakubali. Ila yeye anataka ziwani usiku, na sensa ya GH5 ni ndogo, giza likizidi inalia. Tena V-Log L yake ilikuwa ya kulipia, muulize muuzaji kama imeshafunguliwa.

mwanga_na_kivuli
Naongelea filta, maana hapa ndipo filamu nyingi zinaharibika na watu wanalaumu kamera.

Umeme wetu ni wa 50Hz. Weka kamera kwenye mfumo wa 50Hz (PAL), fremu 25, shata (muda sensa inaopokea mwanga) 1/50. Ukiiga fremu 24 na shata 1/48 chini ya taa za tyubu utaona mawimbi yanapanda na kushuka ukutani.

Sasa hesabu. Jua kali, ISO 640: mwanga sahihi ni f/16 kwa shata karibu 1/640. Wewe umefungwa kwenye 1/50, hapo tayari umezidi kwa stopu 3.7 (kila stopu ni mwanga mara mbili). Ukifungua lenzi hadi f/2.8 unaongeza stopu 5. Jumla ni karibu 9. Filta ya kuzungusha (variable ND) ya stopu 2 hadi 5 haifikishi, ndiyo maana mtu anakimbilia kupandisha shata na maji yanaonekana yanarukaruka kama picha za simu.

Nunua mbili zisizozunguka, ND8 (stopu 3) na ND64 (stopu 6), ukizipachika pamoja unapata 9. Chukua za mm 82 na pete za kupandishia kutoka kipenyo cha kila lenzi, seti moja itahudumia zote. Hakikisha zinazuia na infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), la sivyo nguo nyeusi zitatoka za rangi ya damu ya mzee.

Kwa nini siyo ya kuzungusha? Ni polaraiza (filta za kukata mng'ao) mbili zilizobanana. Juu ya maji ya Tanganyika kila ukizungusha mng'ao unabadilika, shoti mbili za sehemu ileile hazitaungana. Na kwenye lenzi pana ukiibana hadi mwisho inachora msalaba mweusi angani.

Dagaa wakiwa juani wanang'aa kama bati jipya. Pima kwa kadi ya kijivu: kwenye V-Log kijivu kikae 42 kwenye grafu ya mwanga, karatasi nyeupe 61. Kama una kadi hiyo, huhitaji kubahatisha kwa macho kwenye kioo cha kamera.

mtoto_wa_kibirizi
Asante sana mkuu. Taa za wavuvi siku hizi ni za LED zenye betri, nazo ni 50Hz?

mwanga_na_kivuli
Hapana. Zile hazitumii umeme wa gridi, sakiti yake inawasha na kuzima kwa kasi yake yenyewe. Mistari ikitokea, sogeza shata kidogo kidogo juu au chini ya 1/50 mpaka itulie. Kila aina ya taa ina namba yake, kwa hiyo pima nchi kavu kabla boti haijaondoka. Karabai za mafuta hazina shida hii.

dada_wa_sauti
Ninja siyo lazima, kwani S5 inarekodi biti 10 yenyewe. Chukua monita ya kawaida ya inchi 5 yenye grafu ya mwanga na inayokubali LUT (faili la kuirudishia V-Log rangi za kawaida). HDMI ya S5 ni ile ndogo kabisa, ikivutwa mara mbili inalegea, kwa hiyo kwenye keji lazima kuwe na kibanio cha waya. Hicho usikiache.

Umeme: betri ya S5 ni 7.2V, 2200mAh, yaani Wh 16 hivi. NP-F970, betri kubwa ya kamera za video, ni karibu Wh 47, sawa na tatu za kamera. Betri bandia moja (inakaa ndani ya kamera na kuleta umeme kwa waya) na sahani ya NP-F nyuma ya keji zinatosha, na monita ile ile inakula NP-F. Ukishawishiwa V-mount (betri kubwa za sinema), usichomeke D-Tap (tundu lake la umeme) moja kwa moja kwenye betri bandia. Ile inatoa volti 14 na zaidi, kamera inataka 8.4 ikizidi sana. Bila kipunguza volti umeiua.

Sauti isipite kwenye kamera. Zoom F3, kinasa sauti kidogo, ina XLR mbili na inarekodi 32-bit float, injini ya boti ikiwaka ghafla sauti haipasuki. Maiki ivishwe manyoya, upepo wa ziwani hauna huruma. Piga kofi mbele ya kamera mwanzo wa kila shoti ili kulinganisha.

kadi_na_faili
S5 ikirekodi 4K hiyo kwa Mbps 150 ni GB 1.1 kwa dakika, karibu GB 68 kwa saa. Kadi ya V30 (inaandika angalau MB 30 kwa sekunde) inatosha. S5 ina nafasi mbili, rekodi zote kwa pamoja. Kadi mpya jaza kwanza kwa programu ya H2testw, feki zinajulikana hapo: zinakubali GB 128 na kuandika 30 tu za kweli.

Uhariri: DaVinci Resolve ya bure kwenye Windows mara nyingi haifungui H.264 (aina ya faili la S5) ya biti 10 4:2:2, unasikia sauti bila picha. Geuza kwa programu ya Shutter Encoder kwenda DNxHR HQX, aina ya faili la uhariri. Faili linavimba zaidi ya mara nne, tenga diski.

mtoto_wa_kibirizi
Nimeelewa. Lenzi je? Nina Helios 44-2 ya zamani.

fundi_lenzi
Nzuri, 58mm f/2, na pete yake ya pili ya uwazi haina klik za kuhesabu, unafungua taratibu huku ukirekodi. Adapta ya M42 (mdomo wa Helios) kwenda L-mount (mdomo wa S5) inatakiwa iwe na unene wa mm 25.46. Ya bei chee ikizidi hata sehemu ndogo ya milimita, milima ya Kongo ng'ambo haitafokasika kamwe. Ijaribu hapo hapo dukani kwa kitu cha mbali. Kwenye menyu ruhusu kupiga bila lenzi, na kiimarishaji (kinachotuliza mtikisiko) kiambie 58mm, kwa sababu lenzi hiyo haizungumzi na kamera. Upande wa pana ongeza Lumix S 20-60mm. Kamera ikiwa juu ya stendi zima kiimarishaji.

mwanga_na_kivuli
Na kibali cha Bodi ya Filamu usikiache, hasa ukielekeza lenzi upande wa bandari.