Maafisa ununuzi serikalini tumechoka kubebeshwa kesi za wakubwa

Wakuu, salaam. Leo naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kila mwaka mwezi wa nne, ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikishafika bungeni, mitandao inachafuka. "Watu wa manunuzi ndio wezi wenyewe." "Fukuzeni kitengo kizima cha manunuzi." Hata msibani, ukishasema kazi yako ni ununuzi serikalini, watu wanaangaliana, na mmoja hakosi kukuuliza nyumba umejenga ngapi. Wezi wapo kwenye fani yetu, sibishi, na wakikamatwa wafungwe. Ninaowasemea hapa ni wale wanaofanya kazi kwa haki na bado wanalala wakiwa na hofu, kwa sababu serikalini afisa ununuzi anaamuliwa na watu wengine, halafu anakuja kuulizwa yeye kwa nini aliamua vile.

Kwa wasiojua kazi yenyewe inavyokwenda: mimi niko taasisi moja ya serikali hapa Tanzania, sitaitaja. Nimesajiliwa na PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, na CPSP yangu, cheti chao cha juu cha taaluma, niliisotea haswa. Bila usajili huo huruhusiwi kufanya kazi hii, na ukivunja maadili unaweza kufutwa, ukarudi nyumbani na vyeti vyako visivyo na kazi. Tunaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika katikati ya 2024. Sheria hii, kama ile ya 2011, imegawa kazi wazi kabisa. Idara yenye uhitaji ndiyo inayosema inataka nini na kutayarisha vigezo vya kitaalamu. Kamati ya tathmini inapima zabuni. Bodi ya zabuni inaidhinisha. Afisa masuuli, yaani bosi wa taasisi, ndiye mwenye dhamana ya jumla. Sisi kitengo cha usimamizi wa ununuzi tunaratibu, tunaandaa nyaraka, tunashauri, na ndio sekretarieti ya bodi. Na kila mmoja atekeleze lake bila kuingiliwa na mwenzake.

Sasa njoo ofisini uone.

Mpango wa ununuzi wa mwaka unatakiwa uwe umekamilika na kuwekwa kwenye mfumo mapema, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kitengo kinaandikia idara zote barua: leteni mahitaji yenu. Kimya. Unakumbusha. Kimya. Mwisho mkuu wa idara anamtuma katibu wake na karatasi ya mwaka jana, amebadilisha mwaka juu, basi. Huo ndio mpango. Anataka kompyuta wakati kompyuta alishanunua, na mashine ya kudurufu iliyokufa haimo. Halafu Februari anakuja mbio: "Ndugu, hii ni dharura." Dharura gani wakati mashine ina mwaka mzima haifanyi kazi? Sheria inajua dharura ni nini. Uzembe wa kupanga haumo.

Ila Juni ndiyo inayonitoa machozi. Juni, jamani. Hela ilikaa miezi yote watu wakiwa semina, ghafla wiki ya mwisho kila mtu anakumbuka kifungu chake cha bajeti kina salio na tarehe 30 mwaka wa fedha unaisha, hela isiyotumika inarudi. Nitawapa mfano mmoja tu. Wino wa mashine za kuchapia, oda kubwa. Mzabuni hajaleta hata boksi moja. Naitwa ghorofani. Nakuta kamati ya ukaguzi na mapokezi imeshakaa, fomu imeshajazwa, ya kwamba bidhaa zimepokelewa, zimehesabiwa na zimekidhi vigezo. Saini tatu zipo. Inasubiriwa yangu na ya mtunza stoo. Yule kijana wa stoo ni mgeni kazini, yuko kwenye kipindi cha majaribio, mikono inamtetemeka, ananitazama mimi nimwambie afanye nini. Bosi anasema kwa upole kabisa, kama mzazi: "Sainini tu wanangu, mzigo uko njiani, hela ikirudi mtalia wenyewe."

Nilikataa. Nikaomba maelekezo yale yaandikwe kwenye dokezo, niyatekeleze nikiwa na folio, yaani ukurasa wa jalada, mkononi. Chumba kikanyamaza. Hakuna aliyeandika. Wakubwa wetu wanapenda sana mdomo, kalamu hawaigusi. Simu usiku, ujumbe unaofutwa, "njoo tuongee kidogo", "we fanya, mimi nipo". Mkaguzi akija hayupo. Mkaguzi anafungua jalada, anakuta saini yako na saini ya mtunza stoo, anaandika hoja: bidhaa za thamani kadhaa zililipiwa bila kupokelewa. Aliyesema "mimi nipo" anageuka anakushangaa mbele za watu: "Hivi nyie wataalamu mliruhusuje jambo kama hili?"

Mzigo wenyewe ulikuja Agosti, na nusu yake ulikuwa wino wa mashine ambazo hatuna.

Kuhusu vigezo sasa. Idara inakuletea vigezo vya kompyuta, unasoma, unakuta hadi uzito wa mashine umeandikwa kwa gramu, rangi ya kifuniko, na idadi ya matundu ya pembeni. Mtu mwenye akili timamu anajua hiyo imenakiliwa kwenye tangazo la bidhaa moja ya kampuni moja. Safari moja walisahau hata kulifuta jina la duka chini ya ukurasa. Nikiwarudishia, nikisema sheria hairuhusu vigezo vya kumbeba mtu mmoja, naambiwa nachelewesha kazi, nina urasimu, "huyu si mwenzetu". Nikiwaachia, washindani wanapeleka malalamiko, yanafika hadi kwenye Mamlaka ya Rufani za zabuni za umma, na anayeenda kujieleza kule na mafaili kwapani ni mimi.

Mfumo wa NeST, wa ununuzi wa serikali kwa mtandao, ulipokuja mwaka 2023 ukachukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mimi nilifurahi kuliko watu wote pale ofisini. Nikasema angalau proforma tatu, yaani karatasi za bei za wauzaji watatu, zenye mwandiko mmoja zimekwisha. Na kweli kuna uchafu mwingi umepungua, nitasema ukweli. Lakini watu wamehamia kwingine. Wajumbe wa kamati ya tathmini wanatakiwa kila mmoja aingie kwa akaunti yake, asome zabuni, atoe alama zake. Mjumbe anakuja na nywila yake kwenye kikaratasi: "Mdogo wangu nisaidie kubofya, mimi hivi vitu vya mitandao siviwezi, nina safari Dodoma." Yaani unataka mimi wa sekretarieti nitathmini kwa jina lako, siku ya siku useme hukuwepo? Na posho ya kikao umeshasaini? Kila nikirudisha kile kikaratasi napata adui mpya.

Wengine wamegundua ununuzi wa thamani ndogo. Kazi moja ya ukarabati wa ofisi inakatwakatwa vipande: rangi peke yake, milango peke yake, vitasa peke yake, kusudi kila kipande kibaki chini ya kikomo na isitangazwe zabuni. Kugawa ununuzi ili kukwepa ushindani ni kosa, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Ukilisema kwenye kikao cha menejimenti unaonekana una gubu.

Na gari. Gari la serikali matengenezo yake ni TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, au karakana binafsi kwa kibali cha TEMESA. Dereva anapigiwa simu na mkubwa, gari linapelekwa gereji ya mtaani Jumamosi, Jumatatu ankara iko mezani kwangu na maneno "tafadhali halalisha". Nihalalishe vipi kitu kilichokwishafanyika? Mimi si mganga.

Kuna jambo moja linaniuma kuliko hayo yote. Sheria inataka taasisi itenge asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni kifungu kizuri sana na mimi nilikipigania pale kwetu. Tukawapa kikundi cha kina mama kazi ya kushona sare na kuleta vifaa vya usafi. Wakakopa kwenye vikoba vyao, wakaleta mzigo safi, kwa wakati, bora kuliko wa makampuni makubwa tuliyozoea. Ankara ikapelekwa uhasibu. Mwezi, miezi, hakuna kitu. Yule mwenyekiti wao ana namba yangu. Ananipigia asubuhi, hagombi. "Baba shikamoo," mama wa umri wa mama yangu ananiamkia mimi shikamoo kwa ajili ya hela yake mwenyewe! "Tunaomba utukumbuke baba, wenzangu wanasema nimekula hela zao." Mimi silipi. Malipo ni uhasibu, yanapita MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, yanategemea fedha kutoka. Lakini yeye anamjua nani zaidi yangu? LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, aliipokea mkononi kwangu. Wakati huohuo kampuni ya mtu mwenye jina lake, iliyoleta mzigo baada yao, imeshalipwa yote. Nikauliza uhasibu, nikajibiwa kwa swali: "Wewe hao kina mama wamekupa nini?"

Hapo ndipo nilipoamua kuandika uzi huu.

Kwenye semina tunaambiwa ununuzi ndiyo unaobeba sehemu kubwa ya bajeti ya serikali, inatajwa hadi asilimia 70. Kama ni kweli, mbona wanaosimamia fedha zote hizo ndio wa kwanza kuhamishwa wakisema hapana? Mwenzangu mmoja alikataa kusaini mapokezi hewa kwenye taasisi nyingine. Hakufukuzwa, maana wangemfukuza kwa kosa gani? Alipewa uhamisho ndani ya wiki, amemwacha mke hapa na watoto wanaosoma, yeye yuko mkoa wa mbali anakaa kwenye dawati lisilo na kazi. Aliyekuja nyuma yake akasaini. Sasa huyo aliyesaini amesimamishwa kupisha uchunguzi, na aliyemwagiza amepanda cheo. Mnaotutukana mtandaoni hili hamlioni, mnaona jina la afisa ununuzi tu kwenye gazeti.

Ninachotaka ni vitu vinavyowezekana. Maelekezo yoyote kwa kitengo cha ununuzi yawe kwa maandishi, na mkubwa anayeagiza kwa mdomo aonekane ametenda kosa kwa kitendo hicho tu. Mkaguzi akikuta hoja, aulize kwanza idara iliyoomba, vigezo viliandikwa na nani, nani aliidhinisha, asianzie kwangu na kuishia kwangu. Mkuu wa idara asiyeleta mahitaji yake kwa wakati akatwe kifungu chake, aone. Na afisa anayekataa kuvunja sheria asihamishwe mpaka mamlaka ya nje ya taasisi yake iseme sababu.

Najua watakuja wa kusema "acha kazi kama imekushinda". Siachi. Nimeisomea, naijua, na nikiondoka mimi ataletwa mtu wa kusaini.

Wakuu mlioko halmashauri, hospitali na mashirika ya umma, mkiletewa fomu ya mapokezi na stoo iko tupu, mnafanyaje? Nani amewahi kuandika dokezo la kukataa akabaki kwenye kituo chake? Na kama kuna mwanasheria humu, naomba kujua yule kijana wetu wa stoo anajilindaje, maana Juni nyingine haiko mbali na ile fomu yenye saini tatu wameihifadhi, hawajaichana.