Mrejesho: biti ndogo za milimita 4 kwenye drili ya kuchaji

Wakuu, niliuliza kama biti ndogo za kufungulia simu na laptopu zinaweza kufungwa kwenye drili ya kuchaji bila kukatika. Asanteni kwa majibu, nimeshajaribu.

Adapta ya kutoka milimita 6.35 (upana wa shina la biti za kawaida za drili) kwenda 4 inaingia vizuri. Tatizo ni nguvu: hata klachi (pete ya kupunguza nguvu ya kukaza) ikiwa namba 1, drili inazidi uwezo wa skrubu ya M2, yaani ya unene wa milimita 2, ambayo hata nusu ya nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) ni nyingi kwake. Drili ya kugonga ndiyo msiiguse kabisa. Biti inakatika na kipande kinaruka usoni.

Nimehamia bisibisi ya umeme yenye umbo la kalamu. Kufungua, nalegeza kwa mkono kwanza, mashine inamalizia. Kufunga, nazungusha kinyume kidogo mpaka uzi wa skrubu ukae, mashine inashusha, kisha nakaza mwenyewe. Miwani navaa, wanaocheka wacheke.

Aliyeuliza kuhusu biti ya T5 (ncha ya nyota) yenye tundu katikati: hiyo kuta zake ni nyembamba, naitumia kwa mkono tu.