Folda ya pamoja ya NFS: nimo kundini lakini nanyimwa ruhusa ya kuandika

Swali, kutoka Lamu

Assalamu alaikum ndugu zangu. Ofisini kwetu tunapiga picha miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, na picha zote huwekwa kwenye seva ya Linux ambayo kompyuta zetu za Ubuntu huifikia kwa NFS, yaani mfumo wa kutumia faili za seva kupitia mtandao. Faili anazohifadhi mwenzangu huonekana kwangu kana kwamba ni zangu, ilhali folda za kundi la wahariri, ambamo jina langu limo, hunikatalia kuandika. Nimeshauriwa niipe folda yote chmod 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu, lakini nasita, kwa kuwa miswada hii ni amana za familia.

Jibu, kutoka Malindi

Wa alaikum salaam. Una haki ya kusita, ndugu yangu: folda yenye 777 inamruhusu yeyote aliyeifikia kufuta kilichomo, na chanzo cha tatizo kingebaki palepale.

NFS ya kawaida, isiyotumia Kerberos (mfumo wa kuthibitisha utambulisho wa mtumiaji), haimtambui mtu kwa jina bali kwa namba. Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza namba 1000, kwa hiyo wewe kwenye kompyuta yako na mwenzako kwenye yake, machoni pa seva nyinyi ni mtu mmoja. Kundi nalo, likiundwa kila upande peke yake, huweza kupata namba tofauti hata kama jina ni lilelile. Andika `id` kwenye kila kompyuta uone namba zako, kisha `ls -ln` kwenye seva uone namba za faili, ulinganishe.

Namba ya mtu hurekebishwa kwa `usermod -u`, mwenyewe akiwa ametoka kwanza, na ya kundi kwa `groupmod -g`, kisha mtu aingie upya. Faili za zamani kwenye seva hazitafuata zenyewe, na kwa kuwa zote zina 1000, nyinyi wenyewe ndio mtakaojua ipi ni ya nani. Kazi ya `chown`, ya kubadilisha mwenye faili, ifanyieni kwenye seva, maana kwa kawaida NFS humshusha root (msimamizi mkuu) wa kompyuta nyingine akawa mtumiaji asiye na mamlaka.

Muulizaji

Ahsante sana. Kundi lilikuwa 1005 kwenye seva na 1001 kwangu. Nimelisawazisha na sasa naandika. Hata hivyo, faili mpya za wenzangu nazisoma tu, siwezi kuzihariri.

Jibu jingine, kutoka Malindi

Hapo yako mambo mawili, na watu wengi hutengeneza moja wakaliacha la pili. Folda zipewe chmod 2775, ambayo 2 yake ya mwanzo ndiyo kazi yake, ili kila kinachozaliwa ndani yake kirithi kundi la wahariri. Lakini kurithi kundi si kurithi ruhusa ya kuandika, kwa sababu umask (namba ya ruhusa zinazoondolewa kwenye faili mpya) ya 022 huiondoa, hivyo kila mhariri awekewe 002. Zilizokwishahifadhiwa zirekebishwe kwenye seva kwa `chgrp -R wahariri` na `chmod -R g+rwX`. Waambie pia wenzako kwamba faili iliyohamishwa kwa `mv` ndani ya diski ileile hubaki na kundi lake la zamani, ilhali nakala ya `cp` hupata la folda.