Kuchora na kusuka ukili kwenye utafiti wa wakulima wa mwani, Pemba

Mtafiti_Wete: Asalaam alaykum wajuzi. Tunapanga utafiti na kinamama wakulima wa mwani kaskazini Pemba, kuhusu sehemu walizoziacha tangu kotonii (aina ya mwani) ianze kufa kwa joto la maji. Hojaji zinaleta majibu mafupi mno. Tunataka wachore ramani ya pwani yao, na mazungumzo mengine yafanyike huku wakisuka ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka. Tuanzeje, na wapi huharibika?

Kijiti: Wa alaykum salaam. Anza na kalenda ya maji. Bamvua lote, maji yanapojaa na kupwa sana, watakuwa shambani, kwa hiyo panga tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24 za mwezi mwandamo, maji yakiwa mafu, yaani yasipopwa sana. Kibali cha utafiti cha Bara hakitoshi, Zanzibar ina chake. Kikitoka nenda wilayani, kisha kwa sheha, kiongozi wa shehia. Mwombe sheha afungue kikao aondoke zake. Akibaki, hakuna atakayechora eneo lenye mgogoro na wavuvi.

Usitangulize karatasi. Ukitoa maka peni mbele ya watu wazima, itaishia mkononi mwa aliyesoma na wengine wawe watazamaji. Kaa na watu 5 au 6 kwenye mchanga mkavu, juu ya maji yanapofika yakijaa, kila mmoja na kijiti chake. Makombe ya baharini yawe mashamba ya sasa, vifuu vya nazi yaliyoachwa. Piga picha kutoka juu kila wanapobadilisha, maana pale wanapofuta ndipo penye maneno. Halafu wenyewe wahamishie kwenye karatasi ya manila. Rikoda iwake tangu mwanzo: ramani bila sauti utaifasiri upendavyo.

Bi_Miyaa: Nunua miyaa, majani ya kusukia, iliyokwisha kukauka na kuchanwa, kila mtu asuke anachokijua. Usiahidi kununua mikeka. Watasuka kinachouzika na mazungumzo yatakuwa ya bei. Fidia ya muda iwe sawa kwa wote, itajwe mapema. Maswali matatu yanatosha. Wakinyamaza, waache, mikono ina kazi.

Idhini ziwe mbili: ya kushiriki kabla, na ya kutumia kazi baada ya kumaliza, kwani hakuna ajuaye atachora nini. Sura kwenye picha iombewe peke yake. Ramani yenyewe inabaki kwao, wewe chukua nakala.

Mtafiti_Wete: Na nyimbo? Wengine huimba wakisuka.

Bi_Miyaa: Zima rikoda, uliza kwanza. Za harusini aghlabu hazina shida. Za unyago ni za ndani. Hata mmoja akikuruhusu, si zake peke yake kuzitoa.