Timu yako ilipokosa kombe, ni nini kilikurudishia moyo? Tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwana Msimbazi, shabiki wa Simba. Tarehe 25 Mei 2025 nilivuka na boti ya asubuhi kwenda Unguja, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya Berkane. Kule Morocco tulishachapwa 2-0. Lakini Aprili tulichapwa 2-0 hiyohiyo na Al Masry ya Misri kule Suez, tukawaleta uwanja wetu wa Kwa Mkapa, Dar, tukarudisha zote mbili na kuwatoa kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti. Kwa hiyo pale uwanja wa Amaan, Unguja, sikwenda kubahatisha.

Mutale alipofunga dakika ya 17, mzee mmoja niliyekaa naye alinidaka kifundo cha mkono, hakukiachia mpaka mapumziko. Kipindi cha pili Kagoma akala nyekundu, tukabaki kumi. Dakika za nyongeza wakasawazisha. Basi.

Mzee akavua skafu, akaikunja pembe kwa pembe, akaitia mfukoni mwa kanzu. Akasema, "Mwanangu, 1993 nilikuwepo. Ile iliniuma zaidi." Mwaka ule Simba ilitoka sare ya bila kufungana kule Abidjan, ikaja kufungwa 2-0 na Stella hapahapa nyumbani. Kusubiri fainali nyingine kukachukua miaka 32. Mimi sitasubiri hivyo. Tangu 2019 tumetolewa robo fainali mara tano, tukaitwa Mwakarobo, yaani kila mwaka robo, na bado mara ya sita tukavuka hadi fainali. Timu inayopanda hivyo siwezi kuikatia tamaa.

Nyie wenzangu? Watani wa Yanga pia karibuni.

Mwananchi, Mbagala
Pole mtani, nasema kwa dhati maana nayajua hayo maumivu. 2023 sisi Yanga, fainali ya kombe hilohilo, tulifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, tukaenda kwao Algiers tukashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani. Kipa wetu Diarra naye akadaka penalti ya kwao. Jumla 2-2, kombe likabaki kwao kwa sheria ya bao la ugenini: wao mawili kwetu, sisi moja kwao. Pale kibanda umiza tulipoangalia mechi hakuna aliyeinuka. Mwenye banda alizima jenereta, tukabaki gizani tumekaa, kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi polepole na wengine wakafuata. Msimu uliofuata tuliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa baada ya miaka 25, tukafika robo. Sundowns wa Afrika Kusini walitutoa kwa matuta tu, dakika 180 hawakutufunga hata bao moja.

Mama wa watoto wawili, Dodoma
Mimi nasikiliza redioni nikiwa jikoni. Wydad walipotutoa kwa penalti 2023 wali uliungua, na mume wangu akaula hivyohivyo bila neno. Nilipoa Simba ilipocheza mechi iliyofuata. Sina maelezo mengine.

Mkenya, Nairobi
Jamani, nasi Harambee Stars mtukumbuke. Agosti 2025, robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, pale Kasarani: Omija alitufungia, Madagascar wakarudisha kwa penalti, halafu matuta 4-3. Nilikuwa na binti yangu wa miaka tisa, amepakwa bendera usoni. Asubuhi yake alikataa kunawa, akaenda dukani na rangi imechujuka hadi shingoni. Mwenye duka akamuuliza, si mlishindwa? Akajibu, "Tuliwapiga Morocco." Ni kweli, 1-0, tukiwa wachezaji kumi, na hao ndio waliokuja kubeba kombe. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kucheza CHAN, tukaongoza kundi lenye Morocco, DR Kongo, Angola na Zambia. Vijana wale nitawafuata kokote wachezako.

Mwanzisha mada
Mkenya, mwambie binti shikamoo yake nimeipokea hata kabla hajaitoa. Mama wa Dodoma, nasi tulikula hivyohivyo. Mwananchi, ahsante mtani. Skafu yangu nimeifua, iko kambani inakauka. Wengine endeleeni, nasoma zote.